Mtoto Mmoja, Afya Nzuri

Mwalimu wangu wa darasa la pili alisema kwamba mstari wa sketi yangu ungeweza kukata kitunguu. Mstari huo ulikuwa kazi ya Afande. Alinyoosha nguo zangu za shule kwa pasi ya mkaa mlangoni mwa nyumba yetu, ile nyumba ya bati ya mviringo ambayo sisi watoto wa polisi tunaiita yuniporti. Alikuwa amevaa fulana na suruali ya kazi, na kila askari mdogo aliyepita alipiga mguu chini kumsalimu. Afande alijibu kwa kuinua pasi.

Ni baba yangu, lakini sijawahi kumwita baba. Kambi nzima ilimwita Afande, na mimi nilijifunza kusema kwa kusikiliza kambi. Nilipokuwa mdogo nilidhani Afande ni cheo cha mtu anayekuamsha asubuhi, anayekuogesha na kukukagua masikio. Mpaka leo namwita hivyo, naye huitika.

Yeye na mama waliachana nikiwa na miaka mitano. Mama alihamia Kawempe, akaanza kuuza vitenge pamoja na dada yake, kazi waliyokuja nayo kutoka Kongo. Afande alibaki kambini upande wa Luzira, pale barabara inapoteremka kuelekea Port Bell na upepo unakuja na harufu ya mukene, wale dagaa wanaoanikwa juani. Nilikaa wiki moja kwa Afande na wiki moja kwa mama. Shule yangu ilikuwa katikati ya njia. Waliichagua kwa sababu hiyo, ili asiwepo wa kusema kwamba mtoto yuko mbali na kwake.

Watu wengi wameniuliza waliachana kwa nini. Sijui. Nina miaka ishirini na mitatu na sijui. Wenzangu wa shule ambao wazazi wao waliachana walijua kila kitu: nani alimpiga nani, nani alikuwa na mwanamke wapi, ndoo gani ilirushwa na ikampata nani. Walisimulia wakati wa mapumziko, na mimi nilinyamaza kwa sababu sikuwa na la kusimulia. Zamani niliona haya. Siku hizi najivuna. Najua kwamba kulikuwa na watu wawili wenye midomo, wenye hasira zao, na kwa miaka yote hiyo wakameza.

Afande hakupenda neno kuachana. Alisema wamebadilisha utaratibu wa zamu. Kila Jumamosi saa nne asubuhi walikutana mbele ya lango la shule lililofungwa, na wiki yake ikiisha alinikabidhi hapo kwa mama kama askari anavyomkabidhi mwenzake lindo. Alisimama wima, mimi pembeni yake na mfuko wangu, akasoma kwenye daftari.

"Mtoto mmoja. Afya nzuri. Jino la mbele linalegea, lisivutwe. Hesabu imebaki ukurasa mmoja. Hana malalamiko."

Kisha alimpa mama kalamu atie sahihi.

Mama husimulia kwamba mara ya kwanza aligeuka nyuma kuangalia mtu huyo anaongea na nani. Akamwambia, "Baba Neema, huyu ni mtoto, si bunduki." Afande akajibu kwamba bunduki hukabidhiwa vizuri kuliko watoto wengi anaowaona mjini. Alisema kazini kwake ameona kesi nyingi za watu walioachana, na nyingi zilianza kwa sababu hakuna aliyejua ni nani yuko zamu. Mama akatia sahihi huku akicheka kwa pua. Jumamosi iliyofuata alikuja na kalamu yake.

Daftari lilikuwa na sheria. Uliandika jambo ambalo mwenzako atalihitaji, basi. Neno "wewe" halikuruhusiwa, wala "kwa nini", wala habari za wiki ambayo haikuwa yako. Na amri iliyotolewa na aliye zamu haikuvunjwa na anayempokea. Mama akisema nisilale bila kusoma Zaburi, nililala nimesoma Zaburi hata kwa Afande, ambaye ni Mwislamu. Afande akisema nisile barabarani, mama alinipitisha mbele ya wachoma mahindi wote wa Kawempe bila kupunguza mwendo.

Mama alivunja sheria ya daftari mara moja tu. Nilikuwa darasa la kwanza. Aliandika kwamba mtoto amerudishwa na nywele ambazo hata mbuzi wa Kawempe angezikataa. Afande alisoma, akafunga daftari. Jumatatu jioni alichukua kigoda akaenda kukaa kwa mwanamke mmoja wa kambini aliyesuka watu, na kumwomba amfundishe. Alikuwa na vidole vya kushika pingu. Wake za askari walikuja kumtazama kama watu wanaotazama mpira.

"Afande, sasa wewe iko mama?" mmoja alimuuliza.

"Mimi iko zamu," alijibu, wala hakuinua kichwa.

Mistari yake ya kwanza ilikwenda kama mahandaki, mmoja ukaingia ndani ya mwingine, na shuleni walinicheka wiki nzima. Wiki ya sita mama alipitisha kidole kichwani mwangu pale langoni, akaangalia juu na chini, na kwenye daftari akaandika maneno mawili: "Nywele nzuri." Afande alilisoma daftari hilo akitembea, na karibu agongwe na bodaboda.

Haya yote hayana maana kwamba alikuwa mtu laini. Barabarani madereva walimwogopa. Kama alikuwa kwenye kizuizi, mtu aliyesahau leseni alirudi nyumbani kwa miguu. Lakini mtu huyohuyo, kabla ya kumpigia mama simu kuhusu homa yangu au sare yangu, alifunga vifungo vya shati mpaka shingoni na kuongea amesimama. Nilimuuliza kwa nini anasimama wakati mama hamwoni. Alisema sauti ya mtu aliyekaa hujisahau haraka.

Chakula nacho. Wiki zangu kambini, kila Jumatano, alipika sombe, yale majani ya muhogo ambayo mama huyatwanga kwa mawese na dagaa. Alitwanga mwenyewe. Alipakua sahani mbili, moja yangu na moja yake, na alikula mpaka mwisho. Nilikuwa na miaka kumi na mbili nilipomtajia mama jambo hilo, tukiwa tunafunga vitenge. Aliacha kitambaa kikaanguka. Alisema katika miaka yao saba ya ndoa Afande hakuwahi kumeza hata kijiko kimoja cha sombe, na kwamba harufu yake tu ilimtoa nje ya nyumba. Sikumwambia Afande kwamba nimejua. Jumatano iliyofuata nilimtazama akitafuna, nikaomba aniongezee kutoka sahani yake, na nikaendelea kuomba kila Jumatano.

Jambo la kanisa watu wa kambini bado wanalicheka. Mama alitaka nisali kila Jumapili, hata wiki ambazo si zake. Kwa hiyo Afande alinipeleka kwenye kanisa dogo la madhehebu ya mama, karibu na kambi. Mwenyewe hakuingia. Alisimama mlangoni saa mbili nzima, na kwa kuwa aliunganisha na kazini, alikuwa na sare. Waumini walipomwona walidhani kuna hatari, wakaanza kumfungulia mikoba yao aikague. Jumapili ya kwanza aliwaambia hapana haja. Hawakusikia, walizidi kufungua. Jumapili ya pili akaikagua. Mchungaji alimshukuru Mungu kwa serikali inayokumbuka hata makanisa madogo. Baadaye nilisikia kwamba Jumapili za wiki za mama, nikiwa Kawempe, Afande alikwenda vilevile. Watu walikuwa wamezoea.

Mama naye alilipa. Idd ikiangukia wiki yake, alinileta Luzira asubuhi na mapema, kichwa kimefungwa kitenge kipya. Mwezi wa Ramadhani mmoja aliandika kwenye daftari: "Amefunga mpaka saa nane. Amejitahidi."

Mara moja tu nilimwona Afande akimkaripia mtu kwa sababu yangu. Jirani yetu, mke wa koplo mmoja, alikuwa na tabia ya kunikalisha na kunipa chapati ili anichimbe. Siku hiyo aliniuliza, mbele ya wanawake wenzake, yupi nampenda zaidi, baba ama mama. Niseme kweli, alisema, hatanisema. Nilikuwa na miaka saba na chapati mdomoni. Afande alitoka na pasi mkononi.

"Mama Koplo, uko na macho ngapi?"

"Mawili, Afande."

"Tutoboe gani?"

Yule mama alishusha sahani ya chapati.

"Basi hiyo swali usiulize mtoto."

Akarudi kupiga pasi. Nilikuja kujua kwamba hilo ndilo lililomsumbua maisha yake yote ya ubaba. Hakuogopa nikose viatu. Aliogopa siku moja nisimame katikati ya watu wawili na niambiwe nichague. Mlinzi wa lango la shule ndiye aliyeniambia, nikiwa nimeshakua, kwamba kila Jumamosi ambayo Afande alinikabidhi kwa mama, hakuondoka. Alikaa pale karibu saa nzima akikagua kufuli la lango, kufuli ambalo halikuwa na ubovu wowote.

Lakini mtu anayeshika sheria sana, sheria nayo humshika. Hili naliandika taratibu, kwa sababu sitaki mtu alichukue kumsema vibaya Afande.

Nilipomaliza darasa la saba nilipata alama za kutosha kuendelea na sekondari. Nilikuwa likizoni kwa mama. Kwa kuwa nilikaa bure, mama alinipeleka kwa fundi cherehani jirani nijifunze kidogo. Jumamosi akaandika: "Anapenda kushona. Nimempeleka kwa fundi." Afande alisoma. Alielewa kwamba mama ameamua nishone, na amri ya aliye zamu haivunjwi. Akaandika: "Nimeona. Cherehani nitanunua." Alinunua, akaileta langoni juu ya bodaboda, imefungwa kamba kama mshitakiwa. Mama alipoiona alielewa kwamba Afande ameamua shule imetosha. Aliumia, lakini naye akameza. Akatia sahihi.

Mimi nilisimama katikati yao na mfuko wangu. Nilitaka shule. Nilikuwa nimeshafunika daftari jipya kwa gazeti. Lakini nilimwona Afande anatabasamu kwa mama na mama anatabasamu kwa Afande, na nilidhani nikisema ninalotaka nitakuwa nimesimama upande wa mmoja. Nikasema asante. Muhula ulipofunguliwa, wenzangu walikwenda sekondari na mimi nikatunga uzi kwenye sindano.

Watu wengine wangegombana kidogo tu, na mtoto angesoma. Wangu waliheshimiana mpaka nikabaki nje ya lango.

Niligundua miaka mitano baadaye. Mama alisema, akiwa hafikiri, kwamba ni Afande aliyeamua nishone. Wakati huo tayari Afande alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba mama yangu aliona mbali kuniweka kwenye ufundi. Nilitulia na maneno yote mawili. Sikumwambia yeyote. Nilikuwa na kibanda changu Kyambogo, karibu na chuo kikuu, nawashonea wanafunzi suruali na kupunguza urefu wa majoho yao ya mahafali. Kazi ninaipenda. Nilijiambia kwamba la zamani limepita, na kwamba kuwaambia ni kuwapa watu wawili jambo la kugombania.

Afande amestaafu sasa, amepanga chumba Luzira. Vijana wa polisi walioachana na wake zao humwendea kumuuliza, maana kambini wanasema hakuna mtoto wa watu walioachana aliyelelewa kama wa Afande. Mwezi uliopita, siku ya Jumanne mchana, alikuja kibandani kwangu bila kupiga simu. Shati limenyooshwa, vifungo mpaka shingoni. Alikaa kwenye benchi la wateja akasubiri mpaka msichana mwenye joho akaondoka.

Alinieleza kwamba kijana mmoja konstebo alikuja kwake. Amemfundisha yote, zamu, daftari, simu ya kusimama. Yule kijana alisikiliza vizuri, kisha akauliza bila ubaya wowote: na wako, Afande, alisoma mpaka wapi? Akajibu darasa la saba. Kijana akauliza kwa nini.

"Nikafungua mdomo niseme mama yake aliamua," Afande alisema. "Nikasikia naanza kumlaumu. Miaka kumi na nane sijamlaumu. Nikafunga mdomo." Alitazama mikono yake. "Neema, mimi sijawahi kukuuliza. Wewe ulitaka nini?"

Mguu wangu ulikuwa bado juu ya cherehani. Niliutoa.

"Nilitaka kuendelea," nilisema. "Nilitaka sana."

Kisha nikamwambia alichosema mama. Alipanga mambo kichwani kama anavyopanga kesi.

"Kwa hiyo hakuna aliyetoa amri," alisema.

"Hakuna, Afande."

Akasimama. "Funga hapa. Tunaenda Kawempe."

Mama alipotuona tumekuja pamoja, na haikuwa Jumamosi, aliweka mkono kifuani. Alidhani kuna msiba. Afande hakusalimu. Alisema palepale, mbele ya vitenge na wateja, kwamba yeye ndiye aliyemtoa mtoto shule.

"Nani?" mama akasema. "Ni miye nilimpeleka kwa fundi."

"Wewe uliandika ya likizo. Mimi nikasoma nikaongeza yangu."

"Na miye nikaona cherehani nikanyamaza. Mama gani ananyamaza?"

"Mama Neema, usichukue kosa langu."

"Lako tangu lini? Ondoka hapa na kosa lako. Hili ni la kwangu."

Sauti zilipanda. Afande alinyoosha kidole, mama alipiga meza mpaka rundo la vitenge likainama. Alimwambia kwamba siku zote anasoma kwa macho ya polisi. Naye akamwambia kwamba siku zote anaandika kama mtu anayelipia kila neno. Watu walisimama. Muuza nyanya wa jirani aliniuliza hawa wameachana lini. Nikamwambia miaka kumi na nane.

"Mbona wanagombana kama waliofunga ndoa jana?"

Sikuwahi kuwasikia wakigombana. Nilikuwa nimeisubiri sauti hiyo tangu nikiwa na miaka mitano, nikiiogopa, na sasa ilikuwa hii, kila mmoja akivuta lawama upande wake kama watu wanaogombania mfuko wa mgeni. Nilijisikia tajiri.

"Mimi pia nilikuwa na mdomo," nilisema.

Hakuna aliyesikia. Nikasogea, nikasimama karibu na meza.

"Mimi pia nilikuwa na mdomo, na sikuutumia."

Wakanigeukia. Niliwaambia kwamba kuna shule ya watu wazima karibu na kazini kwangu, masomo ni ya jioni, nimeshakwenda kuuliza mara mbili. Nataka kuanza muhula ujao. Mama akamtazama Afande. Afande akamtazama mama. Niliujua ule utazamaji. Kila mmoja alikuwa anampisha mwenzake.

"Msitazamane," nikasema. "Nimeshaamua."

Mama alikaa chini juu ya vitenge vyake. Afande alivuta pumzi, akafungua kifungo cha shingoni, na kwa mara ya kwanza nikamwona amesahau kusimama wima.

"Sema tena," aliniambia. "Kwa sauti. Wote wasikie."

Nikasema tena. Muuza nyanya akaniambia amesikia.